Usilipie programu ya kutafuta samaki kabla hujaijaribu mezani

Mkuu, sitisha kwanza! Umeuliza programu za simu za kuvulia bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu mwishoni ukadokeza kwamba Jumatatu ulijiunga na ile inayodai kuonyesha samaki kwa simu tupu, bila kifaa chochote majini, siku saba za bure. Mimi nililiwa hela hapo hapo, kwa hiyo naanzia hapo.

Simu tupu haioni samaki. Haiwezi. Kifaa halisi cha kutafuta samaki hupiga sauti ndani ya maji, mara nyingi kilohezi 50 au 200 (kilohezi ni kipimo cha kasi ya mtetemo wa sauti), kisha husikiliza mwangwi ukirudi kutoka chini. Maikrofoni ya simu huishia kwenye kilohezi 20 na ushee. Na hata ingefika huko, sauti ya hewani ikigonga uso wa maji karibu yote hurudi juu. Inayopenya haifiki hata moja ya mia. Wi-Fi na Bluetooth nazo hufia pale pale juu juu. Setilaiti haioni chini ya maji ya tope. Sasa wale samaki wanaokatiza kwenye kioo wametoka wapi? Wamechorwa!

Jaribu leo usiku. Iweke simu juu ya meza, fungua hiyo programu, iache dakika tano. Ikikuambia kina ni mita 4 na perege watatu wanapita, jibu unalo, maana chini ya meza yako hakuna bwawa. Programu ya kweli isipounganishwa na kifaa chake haidai kupima kitu, inakudai kifaa. Hii ndiyo kanuni yangu na siibadilishi: kisichogusa maji hakilipiwi.

Wanaoniudhi ni hao vijana wa maduka ya simu pale mjini Moshi wanaokuwekea hiyo kitu na kukuhakikishia kwamba "inatumia setilaiti, mzee". Mtu anayeishi kwa kuuza simu anajua kabisa si kweli. Anachukua hela ya kukuwekea, halafu makato yanabaki kwako.

Na makato ndiyo yanayoumiza zaidi. Kuifuta programu kwenye simu HAKUSIMAMISHI malipo. Nyingi hukata kila wiki, kiasi kidogo kidogo usichokistukia mpaka mwezi uishe. Fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia kwenye malipo na usajili, chagua usajili, gusa programu hiyo, ghairi. Ukishaona tarehe ya mwisho imeandikwa, hapo ndipo uifute. Kwa iPhone ni mipangilio, jina lako juu kabisa, kisha usajili. Kama Google wameshakukata, omba kurudishiwa ndani ya saa 48. Zikipita, unabaki kumbembeleza aliyeitengeneza.

Ukitaka sonari ya kweli ya simu, yaani kifaa hicho cha kupiga sauti na kusikiliza mwangwi, kuna ile mipira ya kurusha majini, kama Deeper ya Lithuania. Mpira unapiga sauti chini na kurusha Wi-Fi yake hadi kwenye simu, hata bila bando. Simu ishike juu, usiilaze kwenye sakafu ya mtumbwi, mawasiliano yatakatika. Lakini hata hiyo usiikimbilie kwa perege wa pembeni kwenye matete: kwenye kina cha mita 2, mwale wa sauti wa nyuzi 15 unamulika duara la upana wa nusu mita tu. Kwa maji hayo kamba yenye fundo kila mita na jiwe mwishoni inakupa kina bila shilingi.

Ramani tumia Organic Maps, ni bure. Pakua ramani ya huko ukiwa nyumbani, na weka alama ya mahali unapopandia mtumbwi ukiwa umesimama hapo hapo, kwa sababu ukingo wa bwawa husogea maji yakipungua.

Leo ni Alhamisi na siku zako saba zinaisha Jumatatu. Kaghairi sasa hivi, kabla hujajibu hapa.