Mtu hazami kama mtumbwi: maswali yenu ya Kiingereza cha majini

Mwanangu aliandika "The boy sank and died", mwalimu akamkosoa. Kosa ni lipi?

Sisi tunasema kuzama kwa mtumbwi, kwa sarafu na kwa mtu. Kiingereza hutenganisha: kitu "sinks", mtu anayekosa pumzi majini "drowns". Wakati uliopita ni "drowned", hutamkwa kwa silabi moja. Wengi huongeza "-ded" mwishoni, si sahihi. Katika mazungumzo ya kawaida "he drowned" maana yake amekufa, hivyo aliyeokolewa "nearly drowned". Wataalamu wa afya hawasemi hivyo. Tangu mkutano wa dunia kuhusu kuzama majini uliofanyika Amsterdam mwaka 2002, kwao "drowning" ni kushindwa kupumua kwa sababu ya maji, mtu afe au apone. Ripoti ya hospitali ikisema "non-fatal drowning", mgonjwa hakufa. Tafadhali lisomeni neno hilo la kwanza kabla ya kuwapigia jamaa simu.

Bwawa la hoteli lina kibao "No diving". Mimi sina hata mtungi wa hewa, kinanihusu?

Kinakuhusu sana. Hapo "diving" ni kujirusha majini kwa kichwa. Penye kina cha mita moja kichwa hugonga sakafu huku kiwiliwili kikiendelea kushuka, na uzito wote huishia shingoni. Uti wa mgongo ukiumia hapo, mikono na miguu huweza kupooza. Ukiona "shallow", yaani kina kifupi, teremka kwa ngazi.

Na "No bathing" huko Uingereza? Wanakataza kuoga?

Wanakataza kuogelea. Sabuni haihusiki.

"Rip current" na "undertow" ni kitu kimoja?

Hapana, na kuvichanganya kunaponza watu. "Undertow" ni maji ya wimbi lililovunjika yanayorudi baharini kwa chini, yakikukokota miguu. Nguvu yake huishia karibu na ufuko. "Rip current" ni mkondo mwembamba unaotoka ufukoni kwenda bahari kuu, na unaweza kufikia mita 2 na zaidi kwa sekunde, kasi ambayo hata bingwa wa kuogelea haishindi. Haukuvuti chini, unakupeleka mbali. Wanaokufa mara nyingi ni wale wanaopambana nao uso kwa uso mpaka nguvu zikaisha. Elea kwanza, pumua, kisha ogelea sambamba na ufuko hadi utoke kwenye mkondo, ndipo urudi kwa mshazari. Ukiona watu ufukoni, inua mkono upige kelele "Help!"

Dukani kuna majaketi ya kuelea ya aina mbili, "lifejacket" na "buoyancy aid". Ya pili ni rahisi, ninunue?

Inategemea. "Buoyancy aid", kwa kawaida ya newtoni 50 (kipimo cha nguvu ya kuelea), ni ya mtu anayejua kuogelea, karibu na nchi kavu, msaada ukiwa jirani. Haikuundwa kumgeuza aliyezimia. "Lifejacket" ya newtoni 150 imeundwa kumlaza chali, mdomo na pua juu ya maji. Kwa abiria wa boti asiyejua kuogelea, nunua hii, na ile ya mtoto ichague kwa kilo zake, iwe na mkanda unaopita katikati ya mapaja. Bila mkanda huo jaketi hupanda na mtoto huchomoka kwa chini.