Wa sauti ya tatu, acheni kwanza C ya juu

Wadogo zangu mnaoanza kuimba, hasa nyie wa sauti ya tatu ambao mkishamsikia Luciano Pavarotti, yule mwimbaji wa opera wa Italia, mnataka kesho tu mpige C ya juu, ile noti ya juu kabisa ya sauti yenu, hebu tulieni kidogo. Nafundisha sauti miaka sasa na kila anayekuja anamjua yule bonge mwenye leso nyeupe, ila miaka yake ya mwanzo hakuna anayeiulizia.

Pavarotti kazaliwa Modena, Italia, 1935, baba yake Fernando muoka mikate na mwenyewe tenori (sauti ya tatu) wa kwaya, mama kiwanda cha sigara. Kijana alipotaka kusomea uimbaji akiwa na 19, mzee akasitasita, mwisho wakapatana: utakula na kulala hapa bure mpaka ufike 30, ukishindwa kajitafutie. Yaani miaka 11! Na wewe mwezi wa tatu tu unaniuliza mbona siendi juu.

Mwalimu wake wa kwanza Arrigo Pola alimfundisha bure kwa sababu hela nyumbani hakuna. Wakawa wanafanya nini? Irabu. A, e, i, o, u, skeli (ngazi ya noti) kupanda, skeli kushuka, taya limelegea, irabu ibaki ileile sauti inapopanda, miezi inakatika wimbo hamna. Inachosha, najua, wengi ndo hapo wananikimbia. Pola alipoenda Japani akahamia kwa Ettore Campogalliani kule Mantova, kwa hiyo mwalimu akihama msitafute kisingizio.

Suala la hela sasa. Alifundisha shule ya msingi, akauza bima, bima akaiacha maana kuongea kutwa kulikuwa kunamchosha koo. Hili lichukueni kama lilivyo: ukiwa konda au unapiga kelele sokoni mchana kutwa, jioni hiyo sauti usiidai makubwa. Miaka kama sita hivi alipata maonesho machache tu, miji midogo, bila malipo, afu akaota kinundu kwenye nyuzi za sauti, akaimba vibaya sana Ferrara mpaka akaamua kuacha kabisa. Kinundu kikapotea. Yeye alisema ni kwa vile moyo ulitulia, mi nasema msitegemee bahati hiyo, sauti ikikwaruza wiki tatu nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo na uache kuimba mpaka akuone.

1961 akashinda shindano Reggio Emilia, na tarehe 29 Aprili akapanda jukwaani hapohapo kama Rodolfo, kijana mshairi kwenye opera ya La bohème. Sasa angalieni, 1963 tenori Giuseppe Di Stefano anaugua London, jumba la opera la Covent Garden wanamuingiza Pavarotti, na ni Rodolfo yuleyule aliyekwisha mmeza. Bora nafasi moja unayoijua mpaka usingizini kuliko kumi za kubabaisha kwenye karatasi.

Na hata baada ya hapo alikuwa bado anasoma. 1965 alizunguka Australia na mwimbaji wa sauti ya kwanza Joan Sutherland, mara nyingine anamuwekea mkono mbavuni kabisa ahisi pumzi inavyoshikiliwa, na huyo ni mtu keshaimba La Scala, jumba kubwa la opera la Milano, mwaka huohuo! Fanyeni hivo mazoezini, muombe ruhusa mwenzio aliyekuzidi, shika mbavu za chini akiwa anaimba. Ukivuta hewa mbavu zifunguke pembeni, zikae wazi wakati noti inatoka. Mabega yakipanda, rudia.