Maswali Yenu: Simba, YouTube na Hela Zilipo

Safari hii karibu kila meseji ilikuwa inamhusu Diamond Platnumz, mwimbaji wa Bongo Fleva ambaye mashabiki wanamuita Simba, kwa hiyo nimeamua ukurasa mzima uwe wake. Timu Kiba, yaani mashabiki wa Alikiba, msinune, zamu yenu ipo.

Mhariri shikamoo. Mi shabiki wa Simba toka enzi za Kamwambie. Ivi mtu akishafikisha watazamaji bilioni YouTube si tayari ni bilionea? Sasa mbona bado anahangaika na matangazo, mara perfume, mara karanga? Msomaji, Mbagala

Marahaba. Swali lako ndo wanalouliza watu wengi sana ila wanaona aibu. Ni kweli Juni 2020 chaneli yake ilipita bilioni 1, msanii wa kwanza kutoka Afrika chini ya Sahara, na siku ile Tandale, mtaa aliokulia, nzima ilikuwa kama imeshinda Kombe la Dunia. Lakini kutazamwa mara bilioni sio shilingi bilioni ndugu yangu, wala haikaribii dola bilioni kama wengine wanavyoaminishana vijiweni.

Iko hivi. YouTube hailipi kwa sababu wewe umetazama, inalipa kwa sababu kuna kampuni imeweka tangazo kwenye ile video, na kwa chaneli ya kawaida mwenye chaneli anapata asilimia 55 ya hela ya tangazo, zinazobaki ni za YouTube. Sasa kampuni inayotangaza kwa mtu wa Marekani au Uingereza inalipa bei kubwa kuliko inayotangaza kwa mtu wa Mbagala, kwa hiyo mbongo aliyeko London akirudia wimbo mara mbili anaweza kumwingizia msanii zaidi ya nyie kumi mliojazana kwenye simu moja kusevu bando. Inauma ila ndo biashara. Halafu tangu 2021 kuna kodi ya Marekani kwenye hela inayotokana na watazamaji wa kule, na Tanzania haina mkataba nao wa kodi, kwa hiyo asilimia 30 ya kile kipande inakatwa kabla hujaiona.

Kwa hiyo hizo karanga (Diamond Karanga na Chibu Perfume zote zilitoka 2017) sio kuhangaika, ndo mpango wenyewe. Wimbo unakusanya watu, video inawakalisha, akishawapata anakuja na kitu cha kuuza au anamwambia mwenye kampuni njoo uone watu nilionao. Enzi za kanda na sidii msanii alikuwa anapeleka albamu Kariakoo kwa msambazaji, anapewa hela ya mkupuo, basi, kopi ngapi zimeuzwa hajui na hatakaa ajue. Leo anafungua simu anaona kabisa Nairobi wangapi, Kinshasa wangapi, na namba hizo ndo anaenda nazo kwenye meza ya dili.

Niko Mombasa hapa. Mie nilimjulia kwa Netflix, kwa ile Young, Famous & African, na muda wote ni sherehe, ugomvi na mapenzi, kuimba kidogo mno. Muziki umemshinda ama? Msomaji, Likoni

Haujamshinda bana, hapa mi natofautiana na wengi. Ile shoo ilipoanza Machi 2022 mwezi huohuo katoa EP (albamu fupi) yake ya First of All, jiulize kama imetokea tu kwa bahati. Pale kakaa na kina Khanyi Mbau, Annie Idibia, Nadia Nakai, na mama watoto wake Zari, yaani kila mmoja kaja na mashabiki wa nchi yake, na mtu wa Lagos au Johannesburg ambaye Kiswahili hakijui kabisa anajikuta anauliza huyu jamaa ni nani, anaenda kumtafuta. Tangazo la namna hiyo ungelilipia ungefilisika.

Na akili hii hajaianza Netflix. Number One ya 2013 alienda kushutia Afrika Kusini wakati wengi bado tunashuti ufukweni Kigamboni na gari la kukodi, watu wakamcheka kwamba anachoma hela, mwanzoni mwa 2014 ikaja remix na Davido na mwaka huohuo akateuliwa kuwania tuzo za BET za Marekani. Alielewa mapema kwamba video ndo mzigo wenyewe. Kinachonikera mimi ni kiki za mapenzi, vituko vya kutafuta kusemwa, zile za leo kaachana kesho kaposti pete, kwa sababu mtu anaizoea stori kuliko wimbo. Ila sitakudanganya kwamba hazifanyi kazi.

Kwa nini msanii afungue TV na redio wakati kila mtu yuko kwenye simu? Msomaji, Morogoro

Kwa sababu redio ya mtu mwingine inaweza kuamua kutokupiga wimbo wako na huna pa kwenda kulalamika, wasanii wa Bongo Fleva wanalijua hili vizuri mno. Wasafi TV yake ikaja 2018, Wasafi FM 2019, na kipindi kikishapita hewani kinakatwa vipandevipande kinawekwa mtandaoni, kwa hiyo hiyo TV na hiyo simu yako ni kitu kilekile. Ila ukimiliki kioo umemiliki na kesi zake: Januari 2021 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, waliifungia Wasafi TV miezi 6 kwa sababu ya shoo iliyorushwa laivu, japo adhabu ikaja kupunguzwa. Na sio kila kitu kilimnyookea, ile Wasafi.com ya 2017 ya kununua nyimbo haikuwahi kuisogelea YouTube. Mbongo umuuzie wimbo ambao bure upo?

Yope ni ya Innoss'B wetu, mtoto wa Goma. Kwa nini Watanzania wanaita wimbo wa Diamond? Msomaji, Goma

Uko sahihi kabisa, Diamond kaingia kwenye remix tu, 2019. Na video iko kwenye chaneli ya Innoss'B, wale watazamaji wote wanahesabiwa kwake. Kolabo ni hivyo, mwenye chaneli ndo mwenye mavuno, mgeni anaondoka na jina.

Mdogo wangu anaimba vizuri sana, kuna mtu anataka kumfungulia chaneli na kumsimamia kila kitu. Tukubali? Msomaji, Tanga

Asimamie, sawa, ila chaneli ifunguliwe kwa imeili ya mdogo wako na neno la siri awe nalo yeye, na kwenye mkataba iandikwe nyimbo na akaunti ni za nani siku mkiachana. Harmonize alisema mwenyewe hadharani kwamba kutoka WCB, lebo ya Diamond, kulimgharimu shilingi milioni 500, na mdogo wako hana milioni 500. Nyimbo azisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hazijatoka. Na huyo mtu akikataa kuandika chochote, akisema sisi ni familia tu, ndo mjue mmeshapata jibu lenu.