Mlima Kenya upande wa Chogoria: Lenana itakungoja

Watu wakiniuliza kuhusu Mlima Kenya, swali la kwanza huwa moja: Lenana, kile kilele cha watembeaji, ni siku ngapi? Jibu wanalolitaka ni tatu. Na kweli safari za siku tatu zipo, hasa kupitia njia ya Naro Moru, upande wa magharibi. Unapanda, unapigwa picha kwenye bango la mita 4,985, unashuka, Jumatatu uko kazini. Sitamkataza mtu. Ila kwa anayetaka mlima wenyewe, siyo picha ya bango, mimi humwelekeza upande wa mashariki, Chogoria, na kumwambia akae kule chini ya kilele siku tatu nne bila kukimbilia popote.

Kwanza tupige hesabu ya kulala. Kwenye ile safari ya haraka usiku wa kwanza unalala kambi ya Met Station, mita 3,050 hivi. Usiku wa pili uko kambi ya Mackinder's, mita 4,200. Yaani umehamisha kitanda zaidi ya mita 1,100 kwa siku moja. Ushauri wa kawaida wa kitabibu ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Ndiyo maana kambi za juu hukosi mtu anayetapika usiku, na si kwamba ni mdhaifu: mwili haujapewa muda. Upande wa Chogoria ngazi zimejipanga zenyewe. Langoni ni karibu mita 3,000, Ziwa Ellis ni kama 3,450, Ziwa Michaelson halijafika 4,000. Ukilala hivyo kwa zamu, kichwa kikiuma huwa ni kidogo. Kisipoacha, au ukaanza kuyumba ukitembea, shuka siku hiyohiyo. Usingoje kupambazuke.

Kufika ni matatu ya Nairobi kwenda Meru kupitia Embu, unashuka Chogoria. Kutoka mjini hadi langoni ni zaidi ya kilomita 20 za barabara ya msituni, kwanza miti mikubwa, kisha mianzi, na mvua ikinyesha hiyo njia haichezeki. Tafuta gari linalovuta magurudumu yote manne. Kutembea sehemu hiyo sikushauri kwa sababu ndovu na nyati wanaipenda kuliko wewe. Halafu Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) haliruhusu mtu kuingia mlimani peke yake, kwa hiyo hata kama umezoea milima, chukua mwelekezi wa pale pale. Mimi ningefanya hivyo hata bila sheria, maana ukungu wa huku hauna taarifa.

Lala banda karibu na lango usiku wa kwanza, hata kama una hema jipya unalolionea hamu. Msitu unaishia hapo, miti ya hagenia imeota ndevu za kijivu, na asubuhi unaondoka umepumzika. Karibu na hapo kuna magofu ya kibanda cha Urumandi, ambako mwaka 1929 mwandishi Vivienne de Watteville aliishi wiki kadhaa akizurura tu kwenye mabonde haya. Maporomoko ya Vivienne kwenye mto Nithi yana jina lake.

Siku ya pili ni fupi, na watu wengi hawapendi siku fupi. Wanafika Ellis mchana, wanauliza sasa tunafanya nini. Weka hema, kunywa chai, kisha panda kilima cha Mugi Hill bila mzigo na urudi kulala chini. Mwili hujifunza hapo. Jioni ziwa huwa limetulia na huenda usione mtu mwingine zaidi ya wenzako. Kama unavua, mito ya mlima huu ina samaki aina ya trauti waliopandikizwa enzi za ukoloni, lakini ulizia kibali langoni kwanza.

Kutoka Ellis kwenda Michaelson ni siku kamili. Ondoka mapema, saa kumi na mbili na nusu uwe umeshakunja hema, kwa sababu kufikia saa tano hivi mawingu huanza kupanda kutoka bondeni, na saa nane unaweza usione buti zako. Njia inapita kwenye vichaka vya erika na mafundo ya nyasi yenye tope katikati, kisha Bonde la Gorges linafunguka: kuta za mwamba pande mbili, barafu ya kale ndiyo iliyolichimba. Ziwa liko mwisho wa bonde, chini kabisa ya jabali wanaloliita The Temple. Wanaokimbilia Lenana hupita juu ya ukingo, wanachungulia, wanaendelea hadi kambi ya Hall Tarns. Wewe teremka, ulale chini.

Na ukilala, kaa siku nzima ya ziada. Asubuhi kabla jua halijafika bondeni, tafuta zile lobelia fupi zilizotandaza majani kama bakuli. Ndani mna maji. Gusa kwa kidole: juu kuna barafu nyembamba kama kioo cha saa, vunja, chini maji bado ni maji. Mmea huhifadhi chipukizi lake humo lisigande. Lobelia ndefu zenye manyoya ni ndugu zake, na ukitulia karibu nazo utamwona ndege aitwaye chozi wa milimani, kijani kinachong'aa, akipenyeza mdomo kwenye maua yaliyojificha. Senesio nazo zimevaa majani makavu kuzunguka shina. Usiyang'oe kuwashia moto. Hilo ndilo koti lake, ukilivua unauacha mti na baridi ya usiku. Moto wa kuni kwa ujumla sahau: erika ikikauka huwaka vibaya, na mwaka 2012 sehemu kubwa ya mlima huu iliteketea.

Pika kwa gesi, na usibebe maharage mabichi. Ukiwa Ellis maji huchemka yakifika karibu nyuzi 88 tu, ukiwa Michaelson chini zaidi, kwa hiyo utamaliza mtungi na githeri bado inagonga meno. Chemsha nyumbani, ikaushe maji, beba. Mchele mwembamba, tambi, omena, uji wa wimbi wa asubuhi: hivyo vinaiva. Chapati hukaa siku mbili bila shida kwa baridi ile.

Mavazi yasikutishe. Koti zuri la baridi utalipata Toi au Gikomba, masoko ya mitumba ya Nairobi, kwa bei ya kupatana, na mara nyingi limeshonwa vizuri kuliko jipya la dukani. Pesa yako iweke kwenye mfuko wa kulalia unaostahimili chini ya sifuri na godoro la kutandika chini, kwa sababu baridi inayokunyima usingizi hutoka ardhini. Upande huu hupata mvua nyingi kuliko njia ya Sirimon, kwa hiyo nguo za kulalia zifunge kwenye mfuko wa plastiki. Januari na Februari ndiyo miezi yangu. Aprili na Novemba waachie konokono.

Wenye miguu inayowasha bado wana pa kwenda. Kaskazini-mashariki kuna kilima cha Ithanguni na Ziwa Alice chini yake, ambako njia ni hafifu na mwelekezi lazima awe anapajua kweli, si kwa kusikia. Muulize mara ya mwisho alikwenda lini, na kama anasitasita, mwache aseme ukweli bila kumwaibisha, mrudi Ellis.

Jambo la mwisho ni gari la kurudi. Ndani ya bonde simu haishiki vizuri, kwa hiyo patana na dereva kabla hujapanda: siku, saa, na atafika mpaka wapi mvua ikinyesha. Lipa nusu, bakisha nusu. Akikuambia "nitapita tu," tafuta mwingine.