Kiti cha Baiskeli Kinaniumiza

Swali: Ninaendesha baiskeli kila siku kwenda kazini, na sasa ninapata michubuko na ganzi sehemu za siri. Rafiki yangu amenishauri ninunue kiti laini zaidi. Je, kitanisaidia?

Jibu: Huenda kisikusaidie, kwa kuwa katika kiti laini mno mifupa ya makalio, ambayo ndiyo inayopaswa kubeba uzito, huzama ndani ya sponji, na shinikizo likahamia kwenye nyama laini za mbele, ambako mishipa ya damu na ya fahamu hubanwa na kuleta ganzi hiyo unayoieleza. Tafuta kiti chenye upana unaolingana na nafasi iliyo kati ya mifupa hiyo, ambayo kwa wanawake wengi huwa kubwa kuliko kwa wanaume. Chenye tundu katikati huwafaa baadhi, ingawa si wote. Kabla ya kutumia fedha, hata hivyo, angalia kama ncha ya kiti imeinuka juu, au kama usukani uko chini sana, kwani mara nyingi kosa huwa hapo.

Kaptura ya baiskeli yenye pedi huvaliwa bila chupi, maana mishono ya chupi ndiyo inayochubua. Ivue mara tu unapofika, kwa sababu jasho na joto hukaribisha fangasi. Osha sehemu za siri kwa maji bila sabuni yenye manukato.

Ganzi ikiendelea, au ukiona uvimbe usiopungua, pumzisha baiskeli na umwone daktari.