Jibu: Kigezo cha nafasi za maandishi (WCAG 1.4.12) kinagusa nini na kinaacha nini?

Mkuu, umesema mkaguzi amewafelisha kwenye 1.4.12 ya WCAG (miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu) kwa sababu nafasi kati ya mistari yenu ni 1.3, na anataka muweke 1.5 tovuti nzima. Hapo amechanganya mambo. Kigezo hiki hakikupangii nafasi za kuweka. Kinauliza hivi: msomaji akija na nafasi zake mwenyewe, ukurasa wako utahimili?

Vipimo ni vinne: mstari mara 1.5 ya ukubwa wa fonti, nafasi baada ya aya mara 2, kati ya herufi mara 0.12, kati ya maneno mara 0.16. Kwa fonti ya pikseli 16 hiyo ni 24, 32, 1.92 na 2.56. Unaviweka vyote kwa pamoja bila kugusa mtindo mwingine wowote, kisha unaangalia kama kuna maandishi yaliyokatwa au kupandana, au kitufe kisichobonyezeka tena. Kama hakuna, mmepita, hata mistari yenu ikiwa 1.2. Ukurasa ukivurugika mtu akizidisha vipimo hivyo, hilo nalo halihesabiwi. Nahisi mkaguzi alikuwa na 1.4.8 kichwani. Hiyo ndiyo inayodai kuwe na njia ya kupata mistari ya moja na nusu, na ni ya kiwango cha AAA, cha juu kabisa. Kama mkataba wenu ni wa AA, kiwango cha kati, haiwahusu.

Kuhusu mipaka: kinachopimwa ni maudhui yaliyoandikwa kwa lugha ya kuundia kurasa za wavuti (markup) inayokubali mitindo hii, yaani kwa kawaida HTML na CSS. Bango lenye maneno ndani ya picha halimo (lina kigezo chake, 1.4.5). Manukuu yaliyochomwa kwenye video hayamo, na zile PDF zenu pia hazimo, ingawa zina masharti mengine yanayozisubiri.

Kuna msamaha wa lugha na maandishi yake. Herufi za Kiarabu huungana, ukizisukuma mbalimbali neno linavunjika. Kijapani hakiachi nafasi kati ya maneno. Kurasa za namna hiyo hupimwa kwa vipimo vinavyobaki tu. Kiswahili chetu cha herufi za Kilatini hakina msamaha, kinabeba vyote vinne, na kusema kweli ndipo kazi ilipo. Chukua "yatakayoshughulikiwa": herufi 20, kwa fonti ya pikseli 16 linarefuka kwa pikseli 38 hivi, na ni neno moja, halina pa kukatikia. Kwenye skrini ya simu ndogo, ndani ya safu nyembamba ya jedwali, linatoka nje.

Kuna taasisi niliwahi kuifanyia kazi ambayo menyu yake ilichorwa kwanza kwa Kiingereza. "Home" ikaja kuwa "Ukurasa wa Mwanzo", ndani ya kisanduku cha kimo kisichobadilika chenye overflow: hidden, amri ya CSS inayoficha kinachozidi kisanduku. Kwa nafasi za kawaida ilienea kwa shida. Vipimo vilipowekwa, "Mwanzo" lilishuka mstari wa pili na likafichwa lote. Dawa ilikuwa kubadilisha height (kimo kamili) kuwa min-height (kimo cha chini kabisa) na kuacha menyu irefuke. Mbunifu alinuna, lakini kushuka mstari si kufeli, na ukurasa kurefuka si kufeli.

Swali lako la vichwa vya habari vinavyoishia na nukta tatu: kama msomaji ana namna ya kufikia maneno yaliyokatwa, mfano kiungo cha kwenda kwenye habari yenyewe yenye kichwa kizima, hajapoteza kitu. Nukta zisizofunguka popote, hapo mmefeli.

Mjibuni mkaguzi kwa kumwomba picha ya skrini yenye maandishi yaliyopotea baada ya vipimo vinne kuwekwa. Akikosa, hoja yake ihamie kwenye ukurasa wa ushauri wa ripoti yake. Ila 1.3 yenu kweli imebana, mimi ningeipandisha.