Re: Nataka fidi ya Usenet kwenye seva yangu ya Postfix, nianzie wapi?

Mkuu, umeuliza kama hiyo seva yako ya barua pepe, Debian na Postfix kwenye VPS ndogo (seva ya kukodi), inaweza kupokea na makundi ya Usenet (mtandao wa zamani wa mijadala, posti zinapitishwa seva kwa seva, na huo mtiririko ndo tunauita fidi), na kama ni kweli ulivyoambiwa kwamba ni kuwasha tu modyuli. Inawezekana ila modyuli hakuna. Nadhani hiyo stori imebaki toka enzi za Exchange, seva ya barua ya Microsoft, ile 5.5 mpaka 2003 ilikuwa na NNTP, yaani lugha ya seva za Usenet, humohumo ndani, admin wa ofisi anabofya anajaza jina la seva ya kuvutia makundi basi posti zinaanza kumiminika kwenye pablik folda. Microsoft waliitoa kwenye Exchange 2007. Postfix yenyewe haijui NNTP kabisa, yenyewe ni SMTP tu, lugha ya barua, kwa hiyo unachofanya ni kuweka programu nyingine pembeni yake. Mimi natumia INN, kwenye Debian pakeji inaitwa inn2, na inakaa mashine moja na barua bila kugombana ukijua sehemu chache ambazo hizo mbili zinakutana, maana shida zinatokeaga hapohapo kwenye makutano.

Kwanza ondoa kichwani wazo la barua. Barua ina mpokeaji, posti ya Usenet haina, inasambaa jirani kwa jirani mpaka kila seva inayotaka iwe nayo. Jirani, yaani seva nyingine mnayobadilishana posti, anakutumia CHECK na Message-ID (kitambulisho cha posti), wewe unaangalia kwenye history (orodha ya posti ulizokwisha pokea) kama unayo tayari, unajibu 238 yaani lete, au 438 yaani sitaki, akileta anatumia TAKETHIS. Ile IHAVE ya zamani ya 1986 inasubiri jibu kwa kila posti moja moja, kwa hiyo kama seva yako iko Dar na jirani yuko Ulaya, kwenda na kurudi ni zaidi ya milisekunde 100 kila mara, utaona fidi inakokota miguu, hakikisha mnatumia hiyo ya CHECK.

Sasa angalia hapo kuna kitu watu wengi hawakioni. Kwenye CHECK unapewa Message-ID peke yake, hujui posti ni ya kundi gani mpaka ifike nzima. Maana yake ukiamua kukataa bainari (mafaili kama picha na video) upande wako tu, zitakuja zote, zitakula bando lako lote, halafu ndo INN izitupe na kujibu 439. Fidi kamili ya Usenet siku hizi ni mamia ya terabaiti kwa siku na karibu yote ni bainari, VPS yako itakufa hata kabla hujanywa chai. Kwa hiyo mpaka wa kweli anauweka jirani yako kwenye faili lake la newsfeeds, lile la kupanga nani anatumiwa nini, sio wewe kwenye lako. Mwambie mapema: maandishi tu, hakuna kundi lolote lenye binaries kwenye jina, na posti isizidi kilobaiti 100 hivi. Fidi ya maandishi tupu ni ndogo sana, hata laini ya kawaida inaibeba, na toka Google Groups wajitoe Usenet tarehe 22 Februari 2024 spamu imepungua mno, kuna makundi yalikuwa hayasomeki sasa yanasomeka.

Na wewe unamfanyia hivyohivyo kwenye lako, laini inakuwa kama hii:

jirani/news.example.org:!*,comp.*,sci.*,soc.*,@*.binaries.*:<100000,Tm:innfeed!

Hiyo alama ya mshangao na hiyo ya @ sio kitu kimoja. Mshangao unasema usitume kwa sababu ya kundi hili, ila posti ikiwa imetumwa pia kwenye kundi lingine unaloruhusu itapita tu. Ile @ inaua posti nzima hata kama iko kwenye makundi mengine kumi. Kwa bainari tumia @ kila siku, na iweke pia kwenye laini ya ME (ile ya seva yako yenyewe) ili na wewe mwenyewe usizihifadhi zikipenya. Halafu hilo jina baada ya mkwaju liwe lilelile jirani anapachika kwenye heda ya Path (orodha ya seva posti ilizopitia), yaani pathhost yake, likitofautiana utakuwa unamrudishia posti zake mwenyewe siku nzima na yeye anazikataa tu, haiharibu kitu ila logi zinajaa uchafu na jirani anakuona hujui kazi.

Upande wa kupokea ni incoming.conf, hapo unaandika jina la mashine inayoruhusiwa kukuletea, basi. Mafaili mengine ya kuanzia, pathhost kwenye inn.conf na orodha ya makundi kwenye active, hayana maneno mengi, orodha shirika la ISC wanayo na unachukua bure, ukimaliza piga inncheck itakwambia ulipokosea.

Turudi kwenye barua sasa, maana hapa ndo swali lako lilipo.

Makundi yenye msimamizi: mtu wako akiandika kwenye kundi kama comp.risks, INN haiiweki kwenye kundi, inaituma kwa barua pepe kwa msimamizi kupitia Postfix yako, anwani inatengenezwa kwa kubadili nukta kuwa vistari halafu @moderators.isc.org. Vizuri, ila heda ya From ni ya mtu aliyeandika, tuseme ana anwani ya Yahoo, na barua inatoka kwenye IP yako wewe. Yahoo wana DMARC ya kukataa (sheria kwamba barua isiyothibitika ni ya domeini yao itupwe), kwa hiyo seva ya upande wa pili inaona kama unaigiza na inaitupa. Mtumiaji wako atakuja kulalamika posti yake haijatokea wiki nzima na kwenye logi za news hakuna kosa lolote, kosa liko kwenye logi za mail. Kwenye seva yangu nimewaambia watu waziwazi, ukitaka kuandika kwenye kundi lenye msimamizi tumia anwani ya domeini yetu ambayo SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma) na DKIM (saini ya barua) zake ziko sawa. Sijaona dawa nyingine isiyo ya kubandika plasta.

Makutano mengine ni ukitaka barua iingie kwenye kundi lako la ndani, tuseme local.ufundi. INN inakuja na mailpost, unaweka kwenye aliases (orodha ya anwani na zinakoelekezwa) laini ya kupeleka barua kwenye hiyo programu. Watu wanaiweka kwenye /etc/aliases halafu wanalia haifanyi kazi. Sababu ni kwamba Postfix inaendesha komandi kwa haki za mwenye faili la aliases, na faili likiwa la root inashuka kuwa nobody, nobody hana ruhusa ya kugusa mambo ya INN. Tengeneza faili jingine la aliases linalomilikiwa na mtumiaji news, liongeze kwenye alias_maps, imeisha hiyo. Na kama unarudisha pia kundi kwenda barua kwa news2mail, kuwa macho na mzunguko, barua inakuwa posti, posti inakuwa barua, kufika asubuhi una maelfu. Anwani inayopokea isiwe kwenye orodha ya wanaotumiwa, nukta.

Diski nayo. Barua na news zisikae patisheni moja, hili silijadili hata na mtu. Ukitumia tradspool, njia mojawapo ya INN ya kuhifadhi, kila posti ni faili moja, kwa hiyo inodi (nafasi za kuandikisha mafaili kwenye diski) zinaisha wakati df inakuonyesha nafasi bado ipo tele, angalia df -i. Zikiisha INN inajifunga yenyewe, hiyo ni tabia nzuri kwa kweli, lakini kama Postfix iko patisheni hiyohiyo foleni ya barua nayo inagoma na hapo bosi anapiga simu. Kwa VPS ndogo mimi napendelea CNFS, unatenga faili la ukubwa fulani mwanzoni, likijaa inaandika juu ya posti za zamani, huna haja ya kuhangaika na tarehe za kufuta na halikui hata kidogo.

Aliases za usenet, newsmaster na abuse ziende kwenye sanduku linalosomwa. Ripoti ya kila siku ya news.daily inakuja hapo na ndo sehemu utaona jirani gani kanyamaza, fidi ikikatika hakuna mtu anapiga kelele, makundi yanakuwa kimya tu na unadhani watu wamelala. Cleanfeed pia weka, inashika posti zinazojirudia na bainari zilizojificha kwenye makundi ya maandishi. Na readers.conf, faili la nani anaruhusiwa kusoma na kuandika, usiache wazi kwa dunia nzima, ruhusu kwa password tu na wasomaji wapite poti 563 yenye TLS, vinginevyo watumaji spamu watakupata na majirani watakukatia fidi kabla hujajua kuna nini.

Majirani unawapata kwa kuandika kwenye news.admin.peering: taja pathhost yako, IP, makundi unayotaka, ukubwa wa mwisho wa posti na barua ya mawasiliano. Omba zaidi ya mmoja ili mmoja akilala fidi isife. Kama bado unajaribu tu na watu wako ni wachache, usiombe jirani kwanza, fungua akaunti ya msomaji kwenye seva kama eternal-september uvute makundi machache kwa pullnews, uliza kwanza sheria zao za kuvuta zikoje maana wengine hawapendi.

Ukikwama weka hapa newsfeeds na incoming.conf zako tuziangalie, password zifute kwanza. Na useme VPS ina RAM kiasi gani, hukuandika.